Kaa Kidogo, Chai Inakuja

Kwa aliyekosa gazeti la wiki jana, nimo bado nyumbani kwa mama mkwe, chumba cha nyuma, kile ambacho kitanda kilipoingia mlango ukakataa kufunguka wote. Tunaingia ubavu kama kaa. Tulikuja kwa wiki mbili tu, baada ya karakana yangu kufungwa, kisha mwenye nyumba wetu akabadilisha kufuli tukiwa matembezini. Wiki mbili hizo zimeota ndevu.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mimi ya tatu nilipewa jokofu. Lilikuwa la mama mkwe, limekata roho, nikalifufua. Laiti ningeliacha lizikwe.

Niliwaacha pale mke wangu alipopata kazi ya ulezi wa bweni la wasichana, shule ya mbali, na nyumba juu yake. Nyumba yenye milango inayofunguka! Gari la shule lingemfuata Jumamosi asubuhi. Kwangu aliweka sharti moja.

"Tunatoka kwa baraka za mama," alisema. "Mimi nitaaga kwa upande wangu, na wewe kwa upande wako. Sitaki kuja kusikia kwamba mkwe alitoka kama mwizi. Ukishindwa kuaga, mimi nitakwenda, wewe utabaki uendelee kujifunza."

Nikacheka. Kuaga nako ni kazi? Unafungua mdomo, unasema: mama, naomba kuaga.

Mdomo wangu nilikuwa bado siujui vizuri. Siku mbili kabla ya gari kuja, nikapiga simu redioni.

Ilikuwa mchana, karakanani kwa fundi mkuu, huyu anayeniokotezea kazi siku hizi. Redio ilikuwa kwenye kipindi cha vitabu, wasomaji wapige simu watoe maoni. Na kitabu chenyewe nilikuwa nimetoka kukimaliza! Mke wangu alikiweka chini ya mto wangu. "Soma, uniambie mimi ukweli," alisema. Kinaitwa *Genge la Kiu*, mwandishi wake anajiita Binti Giza.

Badala ya kumwambia yeye, nikaiambia nchi nzima.

"Haya, msomaji wetu, maoni yako?" akauliza mtangazaji.

"Kitabu kitamu," nikasema, "mpaka pale mwandishi alipolewa."

Mtangazaji akacheka. Mtu akicheka mimi siwezi kunyamaza. Wengine wana shinikizo la damu, mimi nina hilo.

Nikamweleza. Kuna wanyonya damu watano. Si mumiani wa kutishia watoto wasiotaka kuoga, la, hawa wamevaa suti, wana ramani, kila mmoja na kazi yake. Wanataka kuiba chupa ya damu ya mfalme wa kale. Mnyonya damu akionja tone la damu ile, anatembea juani kama mimi na wewe. Na chupa hiyo imo nyumbani kwa ajuza mmoja, ndani ya jokofu, nyuma ya kabichi.

"Sasa mnyonya damu haingii kwa mtu mpaka akaribishwe," nikasema. "Kwa hiyo genge zima linakesha linapanga jinsi ya kumlaghai ajuza atamke hilo neno. Ramani, vyeti bandia, ndevu za kubandika. Wanafika mlangoni, wanabisha hodi. Ajuza anasema nini?"

"Karibu," akasema mtangazaji.

"Karibu! Hajauliza hata ni nani! Nilicheka mpaka bisibisi ikanidondokea mguuni. Hapo namvulia kofia mwandishi. Mnyonya damu akija kwetu hana haja ya kuhangaika. Sisi karibu tunaitamka usingizini. Tunaifuma kwenye zulia la mlangoni."

"Basi ulevi uko wapi?"

"Kwenye kutoka! Chupa wanayo mkononi. Mkubwa wao anasimama, anasema kwa adabu, 'Bibi, tunaomba kuaga.' Ajuza anajibu, 'Mbona mapema? Kaeni kidogo, chai inakuja.' Na wanakaa! Eti sheria yao, aliyeingia kwa karibu hatoki bila ruhusa ya mwenyeji. Wanasubiri chai mpaka jua linawachungulia dirishani. Majambazi watano, meno kama misumari, wanashikwa mateka na ajuza mwenye kandambili! Ningekuwa mimi, ningeinuka nikatoka."

"Kweli ungetoka?"

"Ningetoka na chupa, na kikombe ningeondoka nacho."

Kule studio walikuwa hoi. Ningekata simu hapo, leo ningekuwa mtu huru. Lakini mdomo huponza kichwa, na wangu hauna breki.

"Halafu kuna huyo wa tano, Kicheko. Eti ndiye fundi wao wa majokofu. Wenzake wanapanga wizi, yeye anatania. Ikija damu, anakunywa kupita wote. Na ana msemo wake anaurudia kila ukurasa: 'Baridi haiingii, joto ndilo linatoka.' Nani duniani anaongea hivyo? Mwandishi amemwokota wapi mpuuzi huyu?"

Nikakata simu, nikageuka kupokea pongezi.

Fundi mkuu alikuwa ameshika koleo. Likamponyoka.

"Bwana Barafu," akaniita, maana ndilo jina langu la kazini. "Jana yule mama mwenye friza alipouliza kwa nini mlango usiachwe wazi, ulimjibu nini?"

"Nilimwambia, mama, baridi haiingii, joto ndilo..."

Sikumaliza.

Nyani haoni kundule. Mimi nilikuwa nimeliona, nikalitangaza kwenye masafa yote, na bado sikulitambua.

Njia nzima ya kurudi nilikuwa napiga hesabu moja kichwani. Nani ananijua kiasi hicho? Wateja wanausikia msemo, lakini hawajui ninavyokunywa supu. Fundi mkuu anajua yote mawili, lakini hata risiti anaandikiwa. Amebaki mmoja. Nani alinipa kitabu? Nani amekuwa akipiga chapa jioni baada ya jioni, nikiuliza ananiambia ni ripoti?

Mke wangu! Nimemtukana mke wangu redioni, siku mbili kabla ya kuhama!

Nikaingia chumbani ubavu.

"Mke wangu, nisamehe. Kitabu ni kizuri, na huyo Kicheko ukimtazama vizuri ana busara zake..."

Alikuwa anakunja nguo, anapanga begini. "Kitabu cha nani?"

"Chako."

Akakaa juu ya begi, akacheka mpaka zipu ikaachia. "Mimi? Mimi nimepiga chapa tu. Nafasi ya kutunga niipate wapi, na wewe unavyokoroma?"

"Sasa nani?"

Alinyoosha kidevu kuelekea jikoni.

Ndipo nikasikia kitu ambacho sikuwahi kukisikia katika nyumba ile. Kimya. Redio ya mama mkwe, ambayo tangu baba mkwe afariki haijapumzika ila anapolala, ilikuwa imezimwa.

"Alisikia?"

"Alisikia. Jirani alikuwa amekuja kuomba chumvi, akasikia. Shangazi alipigiwa simu afungulie haraka, naye akasikia."

"Na wewe ukaninyamazia!"

"Aliniapisha. Alitaka maoni ya mtu asiyejua. Alisema, 'Huyo mumeo akitania hawezi kudanganya.' Nilikwambia uniambie mimi. Mimi! Wewe ukaona sikio langu dogo."

Mezani tulikuwa watatu. Naomba mumjue mama mkwe wangu. Maisha yake yote ya kazi aliketi dirisha la mapokezi hospitalini. Wagonjwa, wajawazito, waliovunjika miguu, wote aliwapokea kwa maneno yale yale: karibu, kaa kidogo, daktari anakuja. Alistaafu, lakini maneno hayakustaafu naye.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Karibu mezani."

Neno lile likanichoma kama waya wa umeme. Nikaketi, macho chini. Chini nako nikakutana na kandambili.

Akanijazia bakuli mpaka likawa na kilima. "Kunywa supu, baba. Kunywa kupita wote."

Mke wangu akakohoa ndani ya glasi.

"Mama, kuhusu ile redio..."

"Imeharibika?"

"Hapana, mama, ni..."

"Au joto ndilo limetoka?"

Glasi ya mke wangu ikashindwa kazi. Maji yakamtoka puani.

"Mama, sikujua," nikasema. "Naapa sikujua."

"Ndiyo utamu wake. Wanaojua hawana faida. Shangazi yenu kaniambia kizuri, hongera, na nakala yake nimeiona juu ya kabati, bado imo kwenye nailoni. Mwanangu wa kwanza amenitumia kidole gumba kwenye simu. Kidole! Ndiyo maoni hayo? Wewe umekisoma mpaka mwisho, ukakasirika. Mtu hakasirikii kitabu ambacho hakikumwingia."

Sikujua kama nashukuriwa au napimwa sanda.

"Na uliuliza nimemwokota wapi yule mpuuzi," akaendelea, akininyooshea mkate.

"Yaliyopita, mama, si tuyaache?"

"Sikumwokota. Yupo chumba cha nyuma."

Nawaambia ukweli, moyo wangu uliruka kwa furaha. Nilidhani nafukuzwa. Na kufukuzwa si kutoka? Nikajipa huzuni ya usoni, nikasema kwa sauti ya aliyeonewa, "Basi, mama, kama nimekuudhi hivyo, Jumamosi nitakupisha upumue."

Akaweka kijiko. "Nani kasema unipishe? Mchapaji amepiga simu leo. Tangu ile redio watu wanaulizia kitabu, wanataka na sehemu ya pili. Na wote wanamtaka Kicheko."

"Kicheko si aliungua na jua pamoja na wenzake?"

"Ulisoma ukiwa unacheka. Rudia. Walioungua ni wanne. Kicheko alikuwa ameinuka kwenda jikoni kumsaidia bibi kubeba vikombe, na jikoni kule hakuna dirisha."

Nikatazama jiko lake. Dirisha halina.

"Kwa hiyo yuko wapi?" nikauliza.

"Yumo ndani," akasema mama mkwe. "Bado yumo."

Jumamosi gari likafika mapema kuliko ahadi. Mizigo yetu, yaani godoro, mabegi na sanduku langu la vifaa, ikapakiwa kabla umande haujakauka. Dereva alikuwa wa aina ile wanaokaa usukanini na mguu mmoja nje, ili ujue wanakufadhili.

Mke wangu akatangulia jikoni kuaga. Mimi nikajibanza ukutani, sikio limesimama. Nilijiandaa kwa vilio na maneno ya 'nani ataniletea maji nikiumwa?' Ni binti wa mwisho, jamani. Nilijua kamba iko hapo.

"Mama, naomba kuaga."

"Nenda, mwanangu. Nenda salama, ukawalee watoto wa watu kama ulivyolelewa."

Kwisha! Pua zilivutwa mara mbili tatu, mtu akambusu mtu, mke wangu akatoka anajifuta machozi kwa kanga.

"Mimi tayari," akaninong'oneza. "Bado wewe. Usitanie."

Nikaingia jikoni kifua mbele. Mama mkwe ameketi kwenye kigoda, karibu na jokofu nililolifufua. Lilikuwa linaguna taratibu. Birika liko motoni.

"Mama, naomba kuaga."

"Mbona mapema?"

Nikacheka. Nikacheka peke yangu. Yeye alikuwa ananitazama vilevile alivyokuwa akitazama watu kupitia lile dirisha la mapokezi.

"Mama, gari linasubiri."

"Gari lina magurudumu, halichoki kusimama. Kaa kidogo, chai inakuja."

"Binti yako yuko nje, mama."

"Binti yangu nilimzaa ili siku moja aondoke. Wote niliwalea waondoke, wakaondoka, sina kinyongo. Wewe sikukulea. Wewe ulikuja na godoro kichwani, ukapiga hodi, nikasema karibu. Kabla yako nilikuwa naongea na matangazo ya sabuni. Mtangazaji anauliza, 'Je, nguo zako zinang'aa?' Mimi najibu, 'Ahsante, zinang'aa.' Ukaja wewe, ukajibu tangazo kabla yangu, tena kwa matusi."

"Nilisema hiyo sabuni inang'arisha mdomo wa anayeitangaza."

"Hilo hilo. Nimeliweka sura ya nne."

Nje honi ikalia.

"Barafu!" mke wangu akaita kutoka getini. "Umeshaaga?"

"Naaga!" nikajibu.

"Maisha yangu yote niliwaambia watu kaa kidogo," mama mkwe akasema, "na sikuona hata mmoja aliyefurahi kukaa. Walikuwa wanakaa kwa sababu wanaumwa. Sasa, baba, sikufungi. Geti li wazi, tena limeshikizwa na tofali. Ruhusa sitoi, siwezi, ulimi unakataa. Lakini ulisema redioni kwamba ungeinuka ukatoka. Haya. Inuka."

"Mama..."

"Nataka nione, niandike vizuri. Mtu anapoondoka kwa anayemwambia kaa kidogo, kinachoanza kuondoka ni nini? Miguu au macho?"

Alikuwa hafanyi mzaha. Alikuwa kweli anataka kujua. Macho yake yalikuwa miguuni kwangu.

Nikaiambia miguu iende. Ni miguu yangu, nimezaliwa nayo, imenikimbiza kwa wenye nyumba wawili na mbwa mmoja. Haikwenda. Mlango ulikuwa pale, mpana, unaofunguka wote. Nikitoka bila ruhusa, nitapanda gari nikiwa yule mkwe aliyetoka kama mwizi, na mke wangu atalijua usoni pangu kabla sijafunga mlango. Nikiisubiri ruhusa, ruhusa yenyewe imekwama kwenye ulimi wa mwanamke ambaye haijui njia ya kuitoa.

Birika likaanza kuimba. Akasimama, akachukua vikombe viwili. Akasita. Akashika cha tatu, akakitazama, akakirudisha kabatini polepole kana kwamba kinaweza kuumia.

"Mama, nikinywa kikombe kimoja, utaniruhusu?"

"Kunywa kwanza."

Honi ikalia tena, ndefu, ya dereva aliyeamua. Nikasikia mke wangu akizungumza naye, sauti ya chini. Halafu akaniita. Hakupaza sauti, wala hakuniita Barafu.

"Kicheko!"

Hajawahi kuniita hivyo. Nikafungua mdomo nimjibu kwa utani, maana utani ndio ufunguo pekee nilio nao, na kwa mara ya kwanza tangu mama yangu anizae, haukutoka.

Mama mkwe alikuwa amekwishamimina. Sukari aliweka bila kuniuliza, kipimo changu anakijua. Akakisukuma kikombe mpaka mbele ya kiti kilichokuwa kitupu.

Na mimi, niliyeitangazia nchi nzima kwamba ningetoka na chupa na kikombe, nikavuta kile kiti, nikakaa.

Nje mlango wa gari ukafungwa. Mmoja tu. Injini ikaunguruma.

Nikakishika kikombe kwa mikono miwili, nikapuliza, nikapuliza tena. Baridi haiingii, joto ndilo linatoka, na joto la kikombe kile halikuwa na haraka yoyote.